Maswali ya uwiano na mchanganyiko: msalaba au mlinganyo?

MamaWawili
Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu yuko kidato cha kwanza na swali hili limetutoa jasho tangu juzi. Mfanyabiashara anachanganya mchele wa sh 2,400 kwa kilo na wa sh 3,200, apate kilo 40 za sh 2,700. Aweke kilo ngapi za kila aina? Wa tuisheni kamfundisha msalaba, wa shuleni anataka mlinganyo. Mtoto kabaki njia panda. Ashike ipi?

Kokotoa
Msalaba, dada. Andika 2,400 juu kushoto, 3,200 chini yake, 2,700 katikati. Toa kimshazari, ndogo kwenye kubwa: 3,200 − 2,700 = 500, na 2,700 − 2,400 = 300. Ile 500 ni ya mchele wa bei ya chini, 300 ya bei ya juu. Uwiano 5:3, mafungu 8, kila fungu kilo 5. Basi kilo 25 na kilo 15. Kwenye mtihani dakika ni mali.

MwalimuWaJioni
Jibu ni sahihi, mkuu. Ila nimesahihisha madaftari mengi ya njia hiyo na kosa ni lilelile: mtoto anaipachika 500 kwenye mchele wa 3,200, anaandika kilo 25 za mchele ghali, wala hashtuki. Kabla ya kukokotoa, ajiulize 2,700 iko karibu na bei ipi. Iko karibu na 2,400, kwa hiyo huo wa bei ya chini lazima uwe mwingi.

Mimi naanza na mlinganyo. Kilo za bei ya chini ziwe m, za bei ya juu 40 − m. Thamani ya vilivyoingia ni sawa na thamani ya mchanganyiko, yaani 40 × 2,700 = 108,000:
2,400m + 3,200(40 − m) = 108,000
128,000 − 800m = 108,000
m = 25

Ni mrefu, lakini mtoto anaona kila shilingi ilikotoka.

FundiZege
Sikufika mbali shuleni, lakini uwiano ndio unaonilisha. Zege la 1:2:4 ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Mwambie kibarua mgeni apime ndoo 35 kwa uwiano huo, atagawa 35 kwa 4 kwa sababu ndiyo namba anayoiona kubwa. Jumlisha mafungu kwanza! Ni 7, basi 5, 10 na 20. (Likishachanganywa hupati ndoo 35 za zege, maana mchanga unajaza nafasi kati ya kokoto. Hilo vitabu havisemi.) Mama, mchoree visanduku saba, aone kwa macho.

Kokotoa
Hapo fundi kanibana. Msalaba ni wa vitu viwili tu, vikiwa vitatu unakwama.

MwalimuWaJioni
Na kwenye faida pia. Swali likisema mchanganyiko *umeuzwa* sh 2,970 kwa faida ya 10%, wengi wanaingiza 2,970 moja kwa moja kwenye msalaba. Wengine wanatoa 10% ya 2,970 na kupata 2,673. Zote si sahihi, maana faida inahesabiwa kwenye gharama. Gawa 2,970 kwa 1.1, upate 2,700, ndipo uendelee kwa njia uipendayo.

MamaWawili
Asanteni sana. Jana usiku nimemwacha afanye msalaba peke yake, na kweli akageuza: kilo 25 za 3,200. Sikumwambia kitu, nikasema tu hakiki. Akaandika 80,000 + 36,000 = 116,000, akagawa kwa 40, ikaja 2,900. Akaitazama, akafuta mwenyewe. Nimefurahi mno.

Sasa kaleta jingine: fedha za A na B ni 2:3, za B na C ni 4:5. Uwiano wa wote watatu?

MwalimuWaJioni
B anaonekana mara mbili: kwanza ni 3, kisha ni 4. Mfanye awe namba moja: KDS (kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili) ya 3 na 4 ni 12. Zidisha 2:3 kwa 4 upate 8:12, na 4:5 kwa 3 upate 12:15. Jibu 8:12:15. Ila usimpe, mama. Mwambie tu amtafute B.