Ushauri: Tuko umisheni ugenini, kila wiki kinaharibika kitu. Je, Mungu anatuambia turudi?

Mtumwa wa Mbali (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Mimi na mke wangu tuko umisheni nje ya nchi, huu ni mwaka wa pili. Nchi sitaitaja, wanaoijua kazi hii wataelewa. Kanisa lilituwekea mikono, watu wakalia, tukaondoka na furaha tele. Sasa hivi hatupumui. Tangi la maji lilipasuka usiku wa manane, tumeamka zulia linaelea. Kompyuta yenye masomo yote niliyokuwa natafsiri ikazima na haijawaka tena. Gari limekufa injini, na fundi anaongea haraka mno kwa lugha ya kwao, sijui anadai gasketi au injini nzima. Naitikia tu kwa kichwa.

Swali langu: mnatofautishaje jaribu la kupita na mlango ambao Mungu ameufunga? Nataka kumtegemea kwa kila kitu ila moyo hautulii. Naomba maandiko na shuhuda. Kejeli hapana, tafadhali.

Ngoja_Waje

Ngoja waje wenye upako. Mimi nimekaa siti ya mbele.

Mama Upendo

Pole sana mtumishi. Usirudi nyuma! Soma Matendo 27. Paulo alikuwa anakwenda kulekule Mungu alikosema atafika, na meli ikavunjika vilevile. Watu wakaogelea, wengine wakashikilia mbao. Halafu kwenye kisiwa cha Malta anaokota kuni, nyoka anamng'ang'ania mkononi. Wenyeji wakasema huyu ni muuaji, haki imemfuata. Alipomkung'utia motoni bila kudhurika, wakageuza maneno: huyu ni mungu. Ajali zikisomwa kwa haraka ndivyo zinavyopotosha watu. Funga siku tatu, Bwana atasema.

fundi_mstaafu

Mkuu, angalia oili. Ikiwa imegeuka nyeupe-nyeupe, maji yameingia. Hapo ni gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepinda. Asikubomolee injini yote kabla hajapima hedi. Mwambie akuonyeshe kwa macho, hapo lugha haihitajiki.

Kaka wa Safina

Umenikumbusha mbali. Nilihudumu ugenini zamani, miezi ya mwanzo kila kitu kilikuwa vituko. Siku ya kwanza kuhubiri kwa lugha yao niliandika kila neno, nikasoma kwa jasho, watu wakatikisa kichwa kwa upole mpaka mwisho. Nimeshuka, mzee mmoja akanifuata kwa heshima kuuliza mahubiri yataanza saa ngapi. Nilitaka kupanda ndege usiku uleule. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye huyo mzee ndiye aliyenifundisha lugha. Kwa hiyo vumilia, utakuja kusimulia.

Mkunga Asiyestaafu

Mtumishi, vyote ulivyotaja vinatengenezeka. Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya zulia. Kuna kitu hujakisema. Mnaumwa? Hela ya kanisa inafika?

Mtumwa wa Mbali

Hela inafika, ila pungufu, maana baadhi ya waliokuwa wanatuchangia wamepunguza. Afya tuko vizuri. Mke wangu ni mjamzito, lakini hiyo ni baraka, siyo tatizo, ndiyo maana sikuiweka kwenye mada.

Mkunga Asiyestaafu

Wiki ya ngapi? Na bima yenu inalipia kujifungua?

Ngoja_Waje

Haya sasa. Siti ya mbele imelipa.

Mtumwa wa Mbali

Wiki ya 30. Bima tumeisimamisha kwa muda. Kabla hamjanirukia, hela ya bima ndiyo iliyolipa tangi na malipo ya awali ya fundi. Bila gari sifiki kwa watu, na watu ndio waliotuleta huku. Hudson Taylor, yule mmisionari Mwingereza, alikaa China bila bima na bila kumwomba mtu hela, Mungu akamlisha. Mke sijamwambia kwa sababu presha yake inapanda akiwa na wasiwasi. Na taarifa ya mwezi nimeshaituma kanisani, nimeandika tuko salama. Sasa siwezi kuwaandikia tena wiki hiihii nikisema vingine.

Naomba turudi kwenye swali: ni jaribu, au mlango umefungwa?

Mama Upendo

Mtumishi!!!

Msomaji wa Kale

Kwa kuwa umemleta Taylor, tumsome mpaka mwisho. Ni kweli hakuwa anaomba watu hela, na alichukia deni kiasi kwamba 1857 aliachana na shirika lililomtuma kwa sababu lilikuwa linaendeshwa kwa mikopo. Lakini 1860 alirudi Uingereza kwa sababu aliumwa, wala hakuona haya kurudi. Akatumia muda huo kumalizia masomo ya udaktari, na shirika lake akalianzisha 1865. Sasa sehemu ambayo watu hawaitaji: mke wake Maria alifariki China mwaka 1870, siku chache baada ya kichanga chao cha mwisho kufa. Ukimtumia Taylor kama sababu ya kutokuwa na bima, lisome na kaburi hilo.

Paulo mwenyewe alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa. Epafrodito alipougua karibu na kufa, alimrudisha kwao na akawaagiza Wafilipi wampokee kwa heshima. Hakumwambia akaze imani.

Kaka wa Safina

Na William Carey, mmisionari wa India, je? Moto wa Serampore kulekule India 1812 uliteketeza kiwanda cha kuchapia na miswada ya miaka. Wangetafsiri hayo mabaa kuwa mlango umefungwa, India ingekosa Biblia nyingi. Wenzake walifukua majivu, wakaanza upya.

Msomaji wa Kale

Na habari za moto huo zilipofika Uingereza watu wakachanga fedha kwa haraka. Zilifika kwa sababu ziliandikwa, ndugu yangu. Carey hakuandika "tuko salama".

Mpelelezi

Wakuu, hii ni chai, stori ya kutunga. Kompyuta imekufa, anaandika na nini? Mke ana mimba ya wiki 30, tangi limepasuka usiku, zulia linaelea, na kwenye mada ya kwanza huyo mama hana hata mstari mmoja. Nchi haitajwi. Majibu yake yanakuja kwa awamu kama tamthilia. Subirini ukurasa unaofuata ije namba ya kutumia sadaka.

Ngoja_Waje

Nilishaanza kuguswa. Nirudishieni machozi yangu.

fundi_mstaafu

Hata mimi nimeshangaa. Nimeuliza habari ya oili, kimya.

Mama Upendo

Jamani, acheni kumhukumu mtumishi wa Mungu. Ila mtumishi, jibu hilo la kompyuta.

Mtumwa wa Mbali

Naandika kwa simu, simu zipo dunia nzima. Sijaomba hata senti hapa na sitaomba. Mke wangu sikumtaja kwa sababu mambo yake siyo ya kuyaanika. Nchi siitaji kwa sababu kibali chetu si cha wahubiri, tuliingia kama wanafunzi wa lugha. Darasani tunakwenda kweli, siyo uongo. Mnaosema chai ni watu ambao hamjawahi kutoka kwenda popote kwa ajili ya Injili.

Mpelelezi

Mkuu, umejipalilia makaa. Nchi nyingi mwanafunzi wa kigeni hapati kibali wala hakihuishi bila bima. Wewe umekata bima ili ulipe gari la kwenda kwenye kazi ambayo kibali hakiijui. Hata mtunzi wa tamthilia asingethubutu.

Msomaji wa Kale

Hapa naungana na Mpelelezi, na huwa siungani naye.

Mkunga Asiyestaafu

Iwe chai, isiwe chai, mimi najibu kwa sababu kuna mwingine anasoma akiwa kwenye hali hiihii.

Kama mnafikiria kurudi, hesabu siyo ya kiroho tu. Kuanzia wiki ya 28 mashirika mengi ya ndege yanadai barua ya daktari, na baada ya wiki ya 36 mengi hayampandishi mjamzito hata kama mimba ni ya mtoto mmoja. Kampuni mpya ya bima kwa kawaida haigharamii mimba ambayo imeshaingia. Kwa hiyo piga simu kwa ile ya zamani, uliza kama inakubali ulipe malimbikizo na kurudishwa. Usikate tamaa kabla hujauliza.

Sasa la muhimu kuliko yote. Umesema presha yake inapanda. Nani aliipima, na lini?

Mtumwa wa Mbali

Kliniki, tulipokwenda mara ya mwisho. Walisema iko juu kidogo, turudi wiki inayofuata. Hatukurudi kwa sababu ya gari. Yeye hajalalamika sana, ni kichwa tu tangu jana, na miguu imevimba, nikadhani ni joto.

Mkunga Asiyestaafu

Acha kila kitu. Presha iliyokwisha kuonekana kliniki, kichwa kinachouma tangu jana, wiki ya 30: inaweza kuwa inaelekea kifafa cha mimba. Haisubiri fundi, haisubiri maombi ya siku tatu. Mama Upendo atanisamehe. Chukua teksi, chukua jirani, mwenye nyumba, yeyote. Akisema anaona vimulimuli au maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, waambie hospitali mlangoni kabla hujakaa.

Mama Upendo

Nimesamehe. Nenda mtumishi. Tutaomba wakati mko njiani.

Mtumwa wa Mbali

Hospitali watataka hela kwanza. Naweza kumwandikia mhazini wa kanisa bila kutaja bima? Niseme tu mahitaji ya uzazi, halafu nikipata jibu tutoke. Yeye amelala sasa hivi, usiku hakulala vizuri.

Kaka wa Safina

Ndugu, mhazini utamwandikia ukiwa kwenye foleni. Mwandikie yote.

Mkunga Asiyestaafu

Mwamshe.

Mpelelezi

Mkuu, naomba iwe chai, nitakunywa mwenyewe na kuomba radhi hadharani. Lakini mwamshe.