Paswadi ya yuza postgres imepotea, sevisi imekataa kuwaka na karo ya miaka 6 iko ndani

mwalimu_kayole

Habari zenu wakubwa, naombeni msaada maana tangu juzi silali vizuri. Mimi ni mwalimu wa hesabu tu lakini hapa shuleni Kayole ndio nimeachiwa kompyuta ya ofisi. Programu ya karo inatumia PostgreSQL 9.0, yaani databesi inayohifadhi rekodi zote, kwa Windows 7, iliwekwa na fundi mmoja ambaye siku hizi yuko Qatar na namba yake haipatikani. Mwezi uliopita mwenye shule akasema tubadilishe paswadi zote kwa hiyo mashine, nikaona kuna yuza anaitwa postgres na mimi simjui ni nani, nikambadilishia paswadi na sikuandika mahali. Kila kitu kikaendelea sawa tu, risiti zinatoka, hadi juzi stima ikapotea. Iliporudi kompyuta ikawaka lakini programu ikasema haipati databesi. Nikienda kwa sevisi, ile sehemu ya databesi inayokimbia yenyewe nyuma ya Windows, nikijaribu kuiwasha inaniletea kosa namba 1069, eti logon failure.

Nikapakua ile ile 9.0 nikidhani nikiinstoli juu yake itajirekebisha, ikaniuliza paswadi, nimeweka zote ninazokumbuka na kila mara inasema si paswadi ya yuza wa Windows postgres. Ndani kuna karo ya miaka 6, watoto karibu 400, na wiki ijayo ni mtihani wazazi wataanza kuja kuuliza balansi. Nikitoa kila kitu nianze upya, data itapotea?

kijana_umoja

Pole sana mwalimu, hata mimi ilishanipata. Fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri) kama admini, andika `net user postgres /delete`, alafu instoli tena, itajitengenezea yuza mpya na utaweka paswadi unayotaka. Dakika kumi umemaliza.

dada_wa_seva

Mwalimu tafadhali usifute huyo yuza. Kijana najua umesema kwa nia nzuri na pengine kwako ilikubali juu databesi ilikuwa mpya haina kitu, lakini Windows haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa namba yake ya ndani inayoitwa SID. Ukimfuta postgres na utengeneze postgres mwingine, kwa macho ya Windows huyo ni mgeni kabisa, na ile folda ya data ilipewa ruhusa za yule wa kwanza. Unaishia na databesi nzima iko hapo kwa diski na sevisi haiwezi kuisoma mpaka uanze kurekebisha ruhusa moja moja, na hiyo kazi sio ya mtu ambaye ana wazazi mlangoni.

Data yako iko salama mwalimu, tulia. Hapa kuna paswadi mbili na watu wengi wanazichanganya kwa sababu hizo instola za zamani zilikuwa zinauliza mara moja tu na kuitumia kotekote. Ya kwanza ni ya yuza wa Windows anaitwa postgres, huyo kazi yake ni kuendesha sevisi tu. Ya pili ni ya postgres wa ndani ya databesi, yule mwenye mamlaka yote. Majina yanafanana lakini ni watu wawili, na wewe ulibadilisha ya kwanza peke yake. Sevisi ilikuwa imeshaingia ndio maana haikulalamika, ila Windows huwa imejiwekea ile paswadi ya zamani kwa mipangilio ya sevisi, kwa hivyo stima ilipopotea na mashine kuwaka upya ikajaribu kuingia na ya zamani ikafungiwa nje.

Kabla ya kitu kingine chochote, saa hii sevisi ikiwa imezima, kopi folda yote ya `C:\Program Files\PostgreSQL\9.0\data` uiweke kwa flashi ama diski ya nje. Databesi ikiwa imezima ndio wakati mzuri wa kuikopi hivyo, ikiwa inakimbia unaweza kupata kopi isiyofunguka. Windows ikikuuliza ruhusa ya kuingia hiyo folda kubali.

Ukimaliza, fungua CMD kama admini uandike `net user postgres *` na hiyo nyota usiiache, itakuuliza paswadi mpya mara mbili bila kuionyesha kwa skrini. Alafu fungua `services.msc`, tafuta ile ya postgresql 9.0, ibonyeze mara mbili, nenda kwa "Log On", pale kwa `.\postgres` weka hiyo hiyo paswadi mpya mara mbili, Apply, kisha rudi uiwashe. Hiyo hatua ya "Log On" ndio watu husahau, wanabadilisha kwa Windows wanadhani sevisi itajua yenyewe. Haijui mpaka uiambie.

Na hii safari andika hiyo paswadi kwa kitabu kifungiwe kwa ofisi.

mwalimu_kayole

Dada Mungu akubariki, imewaka!! Nimekopi folda kwanza kama ulivyosema, nikafuata zile hatua, programu imefunguka na nimeona balansi za darasa la nne zote ziko. Nimepigia mwenye shule simu saa hiyo hiyo.

Sasa nikataka kuchukua bakapu ya kweli kwa pgAdmin, ile programu ya kusimamia databesi, inaniuliza paswadi ya postgres, nimeweka hii mpya inakataa, password authentication failed. Hiyo ndio ile ya pili, ama? Hiyo sijawahi kuijua, ni ya yule fundi.

dada_wa_seva

Ndio hiyo. Na hapo usikimbilie kuibadilisha, kwa sababu programu yenu ya karo labda inaingia kwa databesi ikitumia huyo huyo postgres na paswadi ya fundi. Ukiibadilisha itakatika tena. Angalia kwanza kwa folda ya programu yenyewe kama kuna faili ya mipangilio, mara nyingi mafundi wetu huiandika humo wazi wazi, ukiipata umemaliza.

Kama haimo, nenda kwa ile folda ya data kuna faili inaitwa `pg_hba.conf`, ndio inasema nani anaruhusiwa kuingia kwa databesi na kama aulizwe paswadi. Ikopi kando kwanza, alafu uifungue na Notepad iliyofunguliwa kama admini na uangalie isijisevu kama .txt. Mwisho kabisa utaona mstari wa `127.0.0.1/32` na mwingine wa `::1/128`, hiyo ni mashine kujiita yenyewe, na yote miwili inaishia na md5, yaani uliza paswadi. Weka `trust` badala ya md5 kwa hiyo miwili tu, kama kuna mistari ya kompyuta zingine za ofisi usiiguse. Chomoa waya wa mtandao, risitati sevisi, sasa databesi itamfungulia yeyote aliye kwa hiyo mashine bila kuuliza paswadi. Hapo hapo ingia CMD kwa folda ya bin ya PostgreSQL upige hii, inaandika databesi yote kwa faili moja

`pg_dumpall -U postgres -h 127.0.0.1 -f E:\karo.sql`

E ikiwa ndio flashi yako. Alafu ingia na `psql -U postgres -h 127.0.0.1` utengeneze mtu wako wewe, `CREATE ROLE mwalimu SUPERUSER LOGIN;` kisha `\password mwalimu` umpe paswadi. Hivyo unakuwa na ufunguo wako na wa programu haujaguswa.

Ukitoka rudisha md5 mara moja, risitati tena, ujaribu kuingia kama mwalimu uone inakuuliza paswadi. Hiyo trust isilale hata usiku mmoja, humo kuna majina ya watoto na namba za wazazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai uzilinde.

mzee_wa_rongai

Niongeze kidogo tu. Kuanzia 9.2, ile ya 2012, instola ya Windows iliacha kutengeneza huyo yuza wa postgres, sevisi inakimbia na akaunti ya mfumo inaitwa NetworkService, kwa hivyo hii shida ya 1069 kwa mashine mpya huipati, inabaki ile paswadi ya ndani peke yake. Hiyo 9.0 iliacha kupata marekebisho tangu 2015. Mwalimu ukifunga shule Desemba na hiyo karo.sql mkononi, tafuta mtu mwaminifu akuhamishie kwa mashine nyingine mjaribu pole pole, hii ya zamani ikiwa bado inakimbia kando.

kijana_umoja

Dada asante, hiyo ya SID sikuijua. Mimi kweli ilikuwa ya kujifunzia haikuwa na data. Mwalimu samahani kama ningekuingiza shimoni.

mwalimu_kayole

Hakuna shida kijana wangu, ulijibu wa kwanza na nilikuwa nimekwama.

Nimemaliza saa tatu usiku. Paswadi ya fundi haikuwa kwa folda ya programu, nikafanya ya trust. Mara ya kwanza haikukubali, kumbe nilibadilisha mstari wa 127.0.0.1 peke yake na pgAdmin ilikuwa inapitia ule mwingine. Faili ya karo.sql imetoka, nimeifungua nikaona majina ya watoto mpaka wa mwaka ule wa kwanza. md5 imerudi, nimejaribu kuingia bila paswadi imekataa, na mwalimu ameingia. Flashi mbili, moja iko kwa sefu ya mwenye shule na nyingine ninayo nyumbani. Mzee nitakutafuta Desemba.