Kuvuta kompresa kwa HiAce ya kazi: pamiti (leseni ya udereva) ya B inatosha?

FundiNjeru
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijampa kijana wangu ufunguo Jumatatu.

Nipo Njeru, kazi yangu ni kuvunja mwamba na kuchimba misingi. Nina HiAce ya mizigo, hizi tunazoita droni. Mwezi uliopita nilinunua kompresa, mashine ya hewa ya kuvunjia mwamba, ya magurudumu mawili iliyokwisha tumika, mchomeaji akanifungia chuma cha kuvutia nyuma ya gari. Ijumaa nikaivuta kuelekea Lugazi. Ndani ya msitu wa Mabira, kwenye mteremko, kompresa ikaanza kucheza kushoto, kulia, kushoto, hadi nyuma ya gari inaburutwa nayo. Nilikanyaga breki, ikazidi. Mbele yangu lori linakuja. Mungu tu ndiye aliyetutoa.

Baadaye trafiki akanisimamisha, akaangalia pamiti yangu: B. Akasema hiyo si ya kuvuta mzigo kama ule, nikamilishe karatasi. Ndugu yangu aliye Uingereza anasema huko B inavuta mpaka kilo 3,500. Nimwamini nani?

Dereva_wa_Malaba
Pole sana kijana. Trafiki amekwambia kweli, na ndugu yako hajadanganya, ila yeye anasema ya kwao.

Hapa Uganda B ni ya gari dogo. CM na CH ni za malori, DL, DM na DH za abiria, na E ndiyo ya gari linalovuta tela. Sheria ya trafiki ya 1998 nayo inalitaja tela kama kitu kinachojitegemea, sambamba na gari na mitambo, kwa hiyo hata usajili wake ulipaswa kuuliza siku uliponunua. Kuongeza daraja si kazi ya siku moja: unapita shule ya udereva yenye leseni, unapimwa na wakaguzi wa magari wa polisi, wanakupa cheti, unalipa kupitia URA, mamlaka ya mapato, kisha ofisi ya pamiti. Usikubali mtu wa kukuletea cheti nyumbani. Hicho hakitakufundisha kurudi kinyumenyume na tela.

FundiWaLeicester
Mimi ndiye wa huko Uingereza, navuta vifaa kwa vani kila siku. Zamani aliyefaulu mtihani wa gari kuanzia 1 Januari 1997 ilimbidi afanye mtihani mwingine ndipo avute tela kubwa. Tarehe 16 Desemba 2021 mtihani huo ukaondolewa, sasa B inaruhusu tela la hadi kilo 3,500.

Ila watu husimulia nusu tu. Huwezi kuzidisha uzito ambao kiwanda kimeruhusu gari lako kuvuta. Tela linaloruhusiwa kupita kilo 750 lazima liwe na breki zake. Na ukiwa kazini, gari na tela vikizidi kilo 3,500 kwa pamoja, mara nyingi unadaiwa takografu ya kurekodi saa zako. Pamiti imelegezwa, mengine yote yapo palepale.

Mama_Jenereta
Mimi nakodisha jenereta Mbarara, nazivuta mwenyewe. Ssebo, nijibu moja: zile nyundo na patasi uliziweka wapi?

FundiNjeru
Kwenye sanduku la nyuma ya kompresa, nyabo. Na galoni mbili za dizeli.

Mama_Jenereta
Basi ndiyo hiyo. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli, pua ya tela, yaani ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari, inanyanyuka na mkia unatawala gari. Hamishia vyuma vyote ndani ya HiAce, mbele, uvifunge. Kisha egesha pua ya tela juu ya mizani, hata ya kupimia watu, kwa kimo kilekile cha gari. Asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote wa tela ndiyo inatakiwa kukaa pale. Soma kibati cha kompresa upate uzito.

Ikianza kucheza tena, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, iache ipoe yenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, usijaribu kuifukuza kwa usukani. Na mnyororo wa usalama uwepo, nakuomba. Niliona jenereta ya mwenzangu ikichomoka kwenye kilima, ikashuka peke yake kuelekea wauza ndizi.

Kijana_Bwaise
Waulize bima kwa maandishi kama tela limo. Ile ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, lakini usidhani inafunika kila unachofunga nyuma.

FundiNjeru
Nimerudi wadau. Kibati kinasema kilo 980, kwa hiyo kwenye pua zikae kama kilo 50 hadi 70. Nimepima na vyuma vikiwa nyuma: kilo 18.

Halafu nikalala chini ya gari na tochi. Chuma cha kuvutia kimechomewa kwenye bampa, hakijafika kwenye chesi, na pembeni mwa weldingi rangi imepasuka mstari mwembamba kama unywele. Nilikuwa namtuma mtoto wa watu na kitu hicho.

Kompresa imebaki uani. Jumatatu inapandishwa kwenye lori la kukodi, kijana ameanza kutafuta shule ya udereva. Dereva_wa_Malaba, huku Jinja kuna shule unayoijua yenye tela la kujifunzia?