Makasha ya jiokashingi katika Msitu wa Karura, Nairobi: mtu aruhusiwe kuacha njia?

Muhugu: Kwa asiyeujua mchezo: unaficha kasha dogo, unaweka mtandaoni alama za mahali lilipo, wenzako wanalitafuta kwa GPS. Ulianza Marekani Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali yao kuacha kuvuruga usahihi wa GPS kwa raia. Sina neno nao. Ila Jumamosi nimekuta kichochoro kipya kinachotoka njiani hadi kwenye gogo bovu, hatua kama thelathini. Miche minne ya mti wa muhugu, ya kunifika gotini, imelazwa chini. Ndani ya gogo mna kopo la plastiki, karatasi ya majina iliyolowa na kipande cha penseli. Tumeambiwa tubaki njiani. Nasema makasha ya vichakani yatolewe yote, na watoto wa Runda, mtaa wa matajiri, watafute mchezo mwingine. Mnasemaje?

Mtafutaji: Watoto wa Runda? Mimi nakaa Githogoro, kwenye mabanda, na simu yangu ina ufa kuanzia juu hadi chini. Huo mchezo ndio ulionifundisha kusoma ramani. Uliza kabla hujatukana watu.

Njia Panda: Tusigombane. Chini ya miti mikubwa GPS ya simu hukosea mita kumi au zaidi, kwa hiyo kila anayetafuta huzunguka palepale akikanyaga. Hata kasha likiwa limefichwa kwa adabu, duara lile linakufa. Kwa nini lisiwekwe kwenye vile vigingi vyenye namba vya njia panda? Kanuni za mchezo wenyewe zinataka ruhusa ya mwenye eneo na zinakataza kufukia bila ruhusa hiyo.

Mkimbiaji: Profesa Wangari Maathai alipasuliwa kichwa pale Karura mwaka 1998 akipanda miti, leo mtu anaikanyaga kwa ajili ya kopo!

Mtafutaji: Ilikuwa Januari 1999. Na hakumwaga damu ili msitu uangaliwe kwa mbali kama picha ukutani.

Mkimbiaji: Mwaka nimekosea, hoja iko palepale. Alipigana na wanyakuzi wa ardhi waliotaka kujenga majumba. Usimtumie kutetea kopo.

Mtafutaji: Wewe ndiye uliyemleta hapa, ndugu yangu.

Mama wa Huruma: Wanangu, mimi huokota kuni humo, zilizokauka, kwa ruhusa. Kuni hazidondoki njiani. Kila nikisikia “wote wabaki njiani” najua neno hilo litaishia kwangu. Leo mnafukuza vijana wa makopo, kesho mtasema mama na mzigo wake anaharibu msitu.

Muhugu: Hakuna aliyekutaja, mama.

Mama wa Huruma: Ndivyo inavyoanza. Kabla ya ua wa umeme, wakati watu wanaogopa hata kusogea kwa ajili ya majambazi, sisi tulikuwa tunaingia kwa makundi, mmoja akilinda. Tunapajua siafu wanapopita, tunajua mbega wanalala upande gani. Halafu aje mtu wa viatu vya kukimbilia anionyeshe pa kukanyaga?

Mkimbiaji: Viatu vyangu vina kosa gani? Nalipa kiingilio kila wiki, na pesa hizo ndizo zinazolipa walinzi.

Mtafutaji: Kumbe msitu ni wa wenye risiti!

Mkimbiaji: Sijasema hivyo. Soma tena.

Njia Panda: Na vile vigingi?

Mtafutaji: Mama amesema kweli. Anayekaa mbali ndiye hupenda sheria kali kuliko wote.

Muhugu: Mimi nakaa mbali, ni kweli, na miche ile naihesabu kila mwezi kwa sababu muhugu haukui haraka. Huo mmoja unaovunja leo, mjukuu wako hataukuta mkubwa. Kuhusu kuni niko pamoja nawe, mama. Kilichokauka kiokotwe. Lakini wapo wanaoingia na panga, na hao nimewaona.

Mama wa Huruma: Mimi panga sijaingia nalo hata siku moja. Uliowaona uliwauliza wametoka wapi?