Hoteli juu ya vilima vya mchanga: pingamizi liandikweje, na lipelekwe wapi?

Mlango_wa_Kijito
Wanajukwaa, naomba mwongozo. Ofisini kwa chifu imebandikwa ilani ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Mwekezaji anataka kujenga hoteli juu ya vilima vya mchanga vya ufuo wetu, na mbele yake ukuta wa mawe wa kuzuia mawimbi. Maji atayapata kwa visima atakavyochimba papo hapo. Kando kuna kijito chenye mikoko. Tumepewa siku 30 kutoa maoni, na tayari watu wamekata tamaa kwa kuwa ana hati miliki. Je, hati inamaliza mambo? Na barua iandikweje ili isipuuzwe?

Kamba_na_Bikari
Hati haimalizi mambo hata kidogo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Ukuta ukishuka chini ya alama ya juu, umeingia kwenye ardhi isiyo yake. Mikoko nayo ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo Shirika la Huduma za Misitu lipate nakala ya barua yenu.

Zile mita 60 juu ya alama ya maji kujaa, zinazotajwa sana kuwa hazijengwi, zina mtego. Kanuni za Upimaji za 1994 zinataka ukanda huo utengwe pale ardhi ya serikali inapopimwa ili igawiwe. Baadhi ya hati za kale za Pwani, zilizotokana na sheria ya 1908, zina mipaka yao wenyewe. Basi msiandike "sheria inakataza kujenga ndani ya mita 60" kabla ya kuona ramani ya upimaji ya kiwanja hicho. Ombeni rekodi kwa msajili wa ardhi, kisha mpige picha maji ya bamvua yakiwa yamejaa kabisa, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, simu ikiwa imewashwa alama ya mahali. Picha ya maji mafu itawaumiza, maana maji hayapandi hadi mwisho wake.

Mkandaa
Mimi ningeanza na visima. Mvua inayozama kwenye vilima hivyo hukaa chini kama tabaka la maji matamu linaloelea juu ya maji ya chumvi. Kwa makadirio ya kawaida, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 chini yake. Kwa hiyo pampu ikishusha usawa wa maji matamu kwa mita 1 tu, chumvi inaweza kupanda kama mita 40 tabaka likitulia upya, na visima vya kijiji vitaharibika pia. Mji wa Lamu unakunywa maji ya vilima vya Shela. Ndiyo sababu uvamizi wa vilima vile umepigwa vita miaka mingi.

Someni ripoti ya mwekezaji ya athari za mradi kwa mazingira mkitafuta majibu haya: hoteli itavuta lita ngapi kwa siku, jaribio la pampu lilifanywa kiangazi au masika, majitaka yatakwenda wapi. Ukuta nao: wimbi likigonga jiwe hurudi na kuchimba mchanga wa chini yake, na ufuo wa jirani hukosa mchanga. Kasa akipanda usiku kutaga hugonga ukuta na kurudi baharini.

Barua itaje ukurasa wa ripoti, dai lililoandikwa pale, na kinachopungua. "Tunapinga mradi" peke yake hakumlazimu afisa kujibu chochote. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe mrudi nayo.

Mlango_wa_Kijito
Shukrani sana. Shida ni kwamba tunaambiwa ripoti iko Nairobi.

Rufaa_Mapema
Ilani yenyewe lazima itaje mahali pa kuisomea. Ombeni kwa maandishi leo: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa afisa siku 21, nanyi mna 30 tu. Wakati huo huo kusanyeni ushahidi wa mikutano. Kanuni za 2003 za utafiti wa athari kwa mazingira zinadai mikutano isiyopungua mitatu na wanaoathirika, itangazwe wiki moja kabla. Andikeni tarehe, mahali, kilichoelezwa, na kama ni kabla au baada ya utafiti. Hapo ndipo leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe cha Lamu, megawati 1,050, ilipovunjikia: tarehe 26 Juni 2019 jopo la mazingira, NET, liliifuta kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya utafiti.

Leseni ikitolewa, mna siku 60 za kukata rufaa NET. Msitegemee kuongezewa muda. Na kosa linalouma zaidi ni kusahau hili: rufaa haisimamishi tena ujenzi moja kwa moja. Ambatanisheni ombi la amri ya kuacha mambo yalivyo siku hiyo hiyo, la sivyo tingatinga litasawazisha vilima kesi ikingoja tarehe. Mkipitwa na siku 60, imebaki Mahakama ya Mazingira na Ardhi chini ya kifungu cha 70 cha Katiba, ambako hulazimiki kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara.