Shukrani ya Bibi: gumzo la kikundi cha familia

ALHAMISI

Aika: Shikamooni wote. Bwana Yesu asifiwe. Bibi amenituma. Jumapili ni sikukuu ya mavuno usharikani, na amesema siku hiyo anatoa shukrani yake. Mwaka jana majira haya alikuwa kitandani na nyonga iliyovunjika. Leo ametembea na mkongojo hadi banda la kuku, akarudi anaimba.

Eliud (Dar): Marahaba mwanangu. Amina! Jamani, Mungu wetu ni mwema. Hili niachieni mimi. Natuma bahasha kwa niaba ya familia nzima, nalipia matarumbeta, turubai na chakula. Mama asihangaike na kitu chochote.

Anaeli: Shikamoo kaka. Tunashukuru sana. Ila Mama ameshaanza kuhangaika. Wiki ya pili hii mayai hayaliwi hapa nyumbani. Anayapanga kwenye kikapu cha ukindu, ametandika pumba za mahindi chini, na kila yai analifuta kwa kitambaa kabla ya kuliweka. Aika akitaka kukaanga anaambiwa hayo si yetu.

Eliud (Dar): Mwambie aache, nitanunua trei kumi nikipita mjini.

Elieshi: Kaka, kwa heshima zote, nisikilize. Soma 2 Samweli 24. Daudi anataka kumjengea Bwana madhabahu, Arauna anampa bure kiwanja, ng'ombe na kuni. Daudi akakataa. Akalipa shekeli 50 za fedha, akasema hatamtolea Mungu wake sadaka isiyomgharimu. Mama hana mshahara wala pensheni. Ana kuku. Tukimnunulia trei tumemnyang'anya shukrani yake.

Eliud (Dar): Umenena, dada. Basi mayai yabaki kuwa yake. Lakini na mimi ni mtoto wake, nataka kumshukuru Mungu. Nipeni la kufanya.

Fausta: Hamjambo ndugu zangu. Kwetu Wakatoliki vipaji tunavipeleka altareni kwenye maandamano ya matoleo. Naomba kujua hapo kwenu Walutheri mnada wa mavuno unaendaje, nijiandae na watoto.

Anaeli: Shemeji, karibu sana. Mazao yanaletwa mbele, mchungaji anayaombea. Ibada ikiisha watu wanatoka uwanjani, mzee wa kanisa anasimama na kuinua kimoja kimoja: mkungu wa ndizi, jogoo, maziwa, hata mzigo wa majani ya ng'ombe. Bei haifuati ya sokoni. Yai moja linaweza kufika elfu tano, na aliyelinunua anasema "nalirudisha", linanadiwa upya. Fedha inaingia usharikani. Vitu vingine mnunuzi anampelekea mjane au mgonjwa aliyeshindwa kuja.

Fausta: Nimelipenda hilo. Nitaleta kahawa ya nyumbani Bukoba nayo inadiwe.

Joshua (Arusha): Shikamooni wajomba, shikamoo mama. Mimi Jumapili huwa nahudumu kwenye timu ya sifa pale TAG, kanisani kwetu Wapentekoste, nimeshaomba ruhusa. Ninaweza kuja na gitaa? Natamani kumwimbia Mungu kwa ajili ya Bibi.

Elieshi: Marahaba baba. Kanisani tunafuata liturgia na kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu, kwa hiyo gitaa libaki kwenye gari. Tukirudi nyumbani uwanja ni wako, imba mpaka jua lizame. Bibi yako ataimba sauti ya pili.

Upendo: Nimesoma yote. Naomba msinielewe vibaya. Nampenda Mama, na kupona kwake nakuona ni mkono wa Mungu. Lakini kupita mbele Jumapili siwezi. Tangu tumzike Baba Neema, mtu akisema "tumshukuru Mungu" koo linaziba. Nikisimama pale na ninyi nitakuwa nasema uongo mbele za Mungu.

Eliud (Dar): Pole sana mdogo wangu. Tuko na wewe. Ila kumbuka neno, shukuruni kwa kila jambo, 1 Wathesalonike 5:18.

Elieshi: Kaka, Paulo huyo huyo aliwaandikia Warumi walie pamoja nao waliao. Sura ya 12. Tuanzie hapo kwanza.

Elieshi: Upendo mdogo wangu, hujasema uongo wowote. Fungua Zaburi ya 22. Inaanza na "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", maneno ambayo Yesu mwenyewe aliyalia msalabani. Zaburi hiyo hiyo, mstari wa 25, inasema "Kwako zinatoka sifa zangu katika kusanyiko kubwa." Ni mtu mmoja, na ni maombi yale yale. Hakutakiwa kufuta mistari ya mwanzo ndipo aruhusiwe kusifu. Kama wewe leo uko mstari wa kwanza, bado uko ndani ya zaburi.

Upendo: Asante dada. Ngoja nilale.

IJUMAA

Aika: Nimemsomea Bibi meseji zote za jana. Amenyamaza muda, kisha akaniambia niandike. Naandika alivyosema.

Aika: "Upendo mwanangu, usipite mbele. Nilipomzika baba yenu, mavuno yaliyofuata nilikaa benchi la mwisho, sikuimba hata ubeti mmoja. Mke wa mchungaji alikuja akakaa karibu nami. Yeye aliimba, mimi nikasikiliza. Hakuniambia nishukuru. Na Mungu hakunidai. Alikuwa ananiamsha tu, asubuhi baada ya asubuhi, nakwenda kwa ng'ombe. Siku moja nakamua, nikashtuka naimba. Nikajua bado nampenda, na yeye hakuwa ameniacha hata zile siku nilizokuwa nimemnunia. Wewe njoo ukae. Mimi nitaimba, wewe usikilize."

Anaeli: Mama hajawahi kutuambia hili.

Eliud (Dar): Nimesoma nikiwa kazini, nimetoka nje kwanza. Upendo, nisamehe kwa haraka yangu ya jana.

Aika: Baba mkubwa, na wewe una ujumbe wako. Bibi anasema matarumbeta hayahitaji, lakini watu anawataka. Anauliza kama mnakumbuka Walawi 7.

Elieshi: Mstari wa 15! Nyama ya sadaka ya shukrani ililiwa siku ile ile inapotolewa, isibaki hata kipande mpaka asubuhi. Sasa mtu mmoja na mkewe watammalizaje mnyama mzima kwa siku moja? Lazima waite majirani. Napenda sana sheria hii. Mtu alikuwa hawezi kumshukuru Mungu kisha akajifungia ndani na nyama yake.

Eliud (Dar): Basi langu nimelipata. Mbuzi wawili, na hakuna kuweka kwenye friji. Waitwe wote waliombeba Mama siku ile alipoanguka.

Anaeli: Hao nawajua mmoja mmoja. Walimlaza juu ya mlango wa stoo tulioung'oa, wakambeba kwenye tope mpaka barabara ya lami. Baba Zuhura alishika upande wa kichwa njia nzima, hakukubali kupokewa. Nitamwomba yeye ndiye achinje, ili na nyumba yake na ya ndugu zake wale bila shaka yoyote.

Fausta: Vizuri sana. Mimi na Mama Aika tutashika jiko. Mtori kwa wazee, ndizi za nyama kwa wengine.

Anaeli: Nimetoka kwa Baba Zuhura sasa hivi. Amekubali kwa furaha, anasema na yeye alikuwa anamwombea Mama kila siku. Atakuja Jumapili alfajiri akitoka msikitini.

Upendo: Mama, nimekusikia. Nakuja. Nitakaa benchi hilo hilo la mwisho. Wakati wa kuimba sijui kitatoka nini, lakini nitakuwepo. Natoka Jumamosi na basi la asubuhi, mimi na Neema. Nani atatupokea stendi? Nina mchele kilo kumi na sufuria kubwa.

Joshua (Arusha): Mama mdogo, mimi nitawapokea. Gari lina nafasi.

Elieshi: Upendo, nami nakaa benchi hilo na wewe. Mbele wapo wa kutosha.

Anaeli: Haya. Ibada ya kwanza inaanza saa moja kamili. Watakaolala hapa waamke saa kumi na moja, maji ya kuoga yatakuwa jikoni kwenye ndoo. Eliud, nitumie ya mbuzi leo, kesho ni siku ya mnada wa mifugo.