Naomba ushauri, tangu nianze kujitolea kwa watoto wa mtaani kichwa hakitulii

Wadau habari zenu, niko Kampala, nauza nguo za mitumba soko la Owino. Miezi 4 sasa kila jumapili naenda Kisenyi, mtaa wa mabanda hapa mjini, na vijana wa kanisani kwetu, tunagawa uji ndani ya uzio na kufundisha watoto wa mtaani kusoma. Mwanzo nilienda basi tu, maana wale wanaookota chupa za plastiki na vyuma chakavu nilikua nawaona wezi, wengine wananusa mafuta ya ndege kwenye kitambaa mchana kweupe. Sasa kuna mmoja katokea Karamoja, kule kaskazini mashariki mwa Uganda, ana kama miaka 10, siku hiyo kakata chapati yake nusu kanipa, eti anko we hujala. Yaani nilishindwa kumeza.

Toka hapo nimekua mtu mwingine, waifu akitaka mapazia mapya naanza kumpigia hesabu za uji (hapo kweli nakosea). Halafu huyo mtoto nataka aje aishi kwetu, mama watoto hataki hata kusikia. Na ile sheria ndogo ya jiji ya 2019 inakataza kumpa mtoto wa mtaani hela au chakula, sasa nikimchukua hivihivi si ntaambiwa nimeiba mtoto?

Mliopitia haya, nianzie kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa), polisi kitengo cha watoto, au nitafute kwanza ndugu zake huko Napak, wilaya ya kwao Karamoja? Na waifu nimwambieje?